Siku moja haitoshi: jibu kwa dada anayempeleka mama Albuquerque kuona maputo

Swali la msomaji: "Mama yangu anakuja kututembelea kutoka Tanga, atakuwa nasi mpaka mwisho wa Oktoba. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua kidogo ila anatembea. Tunaishi Dallas na tuna watoto wawili, mmoja miaka 9 na mwingine 6. Tunataka kumpeleka Albuquerque kwenye tamasha la maputo. Tumepanga kuondoka Ijumaa, tulale huko, Jumamosi tuamke taratibu, saa nne tuwe uwanjani, tupande puto wote watano, kisha jioni tugeuze. Je, inafaa? Na je, ni salama kwa mama?"

Dada, wazo lenu zuri, ratiba ndiyo mbovu. Mkiingia uwanjani saa nne asubuhi mtakuta nyasi zimekanyagwa, watu wanakunja vitambaa, na foleni ndefu ya magari yanayotoka. Maputo yatakuwa yameshapaa na kutua, na marubani wako mezani wanakunywa chai. Tamasha hili ni la alfajiri, nalo haliendeshwi na waandaaji bali na upepo. Ukilipangia siku moja tu, unacheza bahati nasibu na mafuta ya gari ya zaidi ya kilomita elfu moja.

Nieleze kwanza kwa nini ni alfajiri, maana ukilielewa hilo ratiba itajipanga yenyewe.

Puto halina injini wala usukani. Linapaa kwa sababu hewa iliyo ndani yake imepashwa moto, ikakaribia nyuzi 100, ikawa nyepesi kuliko hewa ya nje. Kwa hiyo nje kukiwa na baridi, puto hubeba zaidi. Mji wa Albuquerque uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni nyepesi tangu mwanzo na kila nyuzi ya baridi inahesabiwa. Chukua puto la kawaida la mita za ujazo 2,200. Asubuhi ya nyuzi 5, kwa hesabu ya haraka, linainua kama kilo 590, humo ukiwa umetia kitambaa, kikapu, mitungi ya gesi na watu. Mchana wa nyuzi 25, puto hilohilo lenye joto lilelile ndani huinua kilo 430 tu. Tofauti hiyo ni watu wazima wawili wanaobaki chini.

Uzito una dawa yake, unapunguza abiria. Upepo hauna. Jua likishapanda, ardhi inapata moto, na hewa iliyo juu yake inaanza kupanda kwa mikondo isiyo na mpangilio. Nilipokuwa nafanya kazi Serengeti, upande wa wasaidizi wa chini kabla sijapata leseni, tulikuwa tunaangalia tumbusi. Wakianza kuzunguka angani bila kupiga mabawa, rubani anatafuta pa kutua. Albuquerque hawana tumbusi wengi wa kuwategemea, ila sheria ni ileile.

Sasa, Albuquerque ina jambo moja ambalo ndilo limeufanya mji huu wa jangwani kuwa makao makuu ya maputo duniani. Mji umelala kwenye bonde la mto Rio Grande, unaotiririka kutoka kaskazini kwenda kusini, na upande wa mashariki umezuiwa na milima ya Sandia. Usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hushuka na bonde kama maji yanavyoshuka, kuelekea kusini. Juu yake, pengine mita mia mbili au tatu tu, upepo huwa unakwenda kinyume, kaskazini. Rubani anaondoka uwanjani akiwa chini chini, anasukumwa kusini. Akiridhika anawasha moto, anapanda, anadaka upepo wa juu unaomrudisha kaskazini. Akishapita alipoanzia anashuka tena. Wenyewe wanauita "sanduku", kwa kuwa ukichora njia hiyo karatasini unapata umbo la sanduku. Siku likifanya kazi vizuri, mtu anaruka saa nzima na kutua karibu na pale alipopaa, jambo ambalo kwingi duniani ni ndoto. Halifanyi kazi kila siku, na jua likishachanganya hewa ya chini na ya juu, limekwisha.

Hapo ndipo tamasha lilipozaliwa. Mwaka 1972 maputo 13 yalipaa kwenye maegesho ya duka kubwa la mjini, katika sherehe ya kituo cha redio kilichokuwa kinatimiza miaka 50. Leo ni siku tisa kila mwanzo wa Oktoba, kwenye uwanja uliojengwa kwa kazi hiyo, na maputo yanayokuja huwa mia tano na ushei. Mwaka 2000 yalipita elfu moja.

Basi ratiba yangu kwenu ni hii. Ondokeni Dallas Alhamisi asubuhi, ile iliyo ndani ya siku hizo tisa, pitieni Amarillo mshike barabara kuu namba 40 kuelekea magharibi. Ni kama saa kumi za kuendesha, na mkivuka kuingia jimbo la New Mexico, uliko mji huo, saa zinarudi nyuma kwa saa moja, kwa hiyo mtafika mapema kuliko mnavyodhani. Laleni mapema. Ijumaa asubuhi ni zamu ya maputo ya maumbo, nyuki, ng'ombe, na vitu vingine ambavyo hukutarajia kuviona angani. Ijumaa jioni maputo hayohayo husimama uwanjani bila kuruka, yamefungwa, yakiwashwa moto gizani. Jumamosi asubuhi ndiyo mpao mkuu wa wote kwa pamoja. Mkifanya hivyo mmepata nafasi tatu za hali ya hewa badala ya moja, na watoto wamekosa shule siku mbili, jambo ambalo mwalimu ataelewa ukimwambia mapema.

Kati ya Ijumaa na Jumamosi, kama ningelazimishwa kuchagua moja kwa familia yenye watoto wa miaka 6 na 9, ningechukua Ijumaa. Najua kila mtu atakwambia Jumamosi. Jumamosi ni ya picha, mbingu nzima imejaa, lakini pia uwanja umejaa. Ijumaa watoto wanapumua. Kuna nyuki wawili, Lilly na Joey, ambao hupaa wakiwa wameshikana mikono. Watoto wenu hawatawasahau.

Tarajieni kuamka saa tisa usiku. Siongezi chumvi. Milango hufunguliwa kama saa kumi na nusu alfajiri, na barabara za kuelekea uwanjani hujaa mapema. Msiende na gari lenu mpaka uwanjani. Kuna mabasi yanayochukua watu kutoka kwenye maegesho kadhaa mjini, na tiketi yake hununuliwa mtandaoni kabla, pamoja na kiingilio. Kiingilio ni cha kipindi, yaani asubuhi ni tiketi yake na jioni ni tiketi yake. Watoto wa umri wa wenu huingia bure. Hoteli nayo mkiichelewesha ndiyo mwisho wa habari: watu huchukua vyumba miezi kadhaa kabla, na bei za wiki hiyo hazina huruma. Wengi hulala Santa Fe, upande wa kaskazini, mwendo wa saa moja, lakini kwa kuamka huko saa tisa na mama mzee, mimi nisingekushauri.

Mkishafika, kitu cha kwanza kuangalia si angani, ni bendera. Kijani maana yake wanaruka, njano wanasubiri, nyekundu wameahirisha. Kabla ya jua kuchomoza mtaona mtu anaachia kijiputo cha heliamu chenye taa ndogo, na marubani wote wanakikodolea macho kinavyopanda, kinapinda wapi, kinapinda tena wapi. Ndivyo wanavyousoma upepo wa kila tabaka. Upepo wa chini ukizidi kama kilomita 18 kwa saa, hakuna kuruka. Mkiambiwa hivyo msikasirike. Rubani anayekubali kubaki chini ndiye wa kumwamini.

Kama saa kumi na mbili, bado giza, maputo machache hupaa kwanza yakiwa na taa, ili wenzao waone upepo unakwendaje. Hiyo peke yake inatosha kumtoa mtu kitandani. Moto ukiwashwa, puto zima linageuka taa. Ukizimwa, linapotea gizani. Kisha jingine linawaka mbali kidogo. Alfajiri ya kule, wiki hiyo, huingia kama saa kumi na mbili kasoro, na jua hutoka saa moja na dakika chache, hivyo kama mnaswali, chukueni mswala, pembezoni mwa uwanja pana nafasi tele.

Kisha saa moja unapigwa wimbo wa taifa na puto moja hupaa na bendera kubwa ya Marekani, halafu mengine yanafuata kwa mafungu.

Tofauti kubwa ya Albuquerque na matamasha mengine ni kwamba wewe mtazamaji uko ndani ya uwanja wenyewe. Hakuna uzio kati yako na puto. Tumia ruhusa hiyo. Tafuteni kikosi kimoja ambacho ndiyo kwanza kinatandika kitambaa chini, msimame hatua chache pembeni, mkae hapohapo mpaka mwisho badala ya kuzungukazunguka. Mtaona kikapu kimelazwa ubavu, na watu wawili wameshika mdomo wa puto wazi huku feni kubwa ya injini ikisukuma hewa baridi ndani. Kitambaa kinaanza kuvimba, kinatambaa, kinajaa mpaka rubani anaweza kuingia ndani yake akiwa wima kukagua kamba. Kule mwisho kabisa, kwenye utosi wa puto, kuna mtu mmoja ameshika kamba ndefu, ameegemea nyuma kwa uzito wake wote. Huyo ndiye wa kumwangalia. Rubani anapiga moto ndani ya mdomo, mlio unasikika mpaka kifuani na joto linakupiga usoni ingawa uko mbali. Puto linaanza kunyanyuka, na yule wa kamba anavutwa mbele hatua kwa hatua akilizuia lisinyanyuke kwa pupa. Likisimama wima, yeye yuko tayari miguuni pa kikapu, anahema. Kisha anakuja mtu aliyevaa mistari myeusi na myeupe, na filimbi mdomoni. Hao ndio waongozaji wa kupaa, wenyewe wanaitwa pundamilia. Anatazama juu kama hakuna puto jingine linalopita, anasukuma watu kando, ananyoosha dole gumba, na kikapu kinaondoka ardhini bila kishindo chochote.

Waambieni watoto wawe na adabu mbili: wasikanyage kitambaa, na wasiguse kamba bila kuambiwa. Baada ya hapo wana uhuru. Marubani wengi wana kadi ndogo zenye picha ya puto lao, na mtoto akiomba kwa heshima anapewa. Ndani ya asubuhi moja huyo wa miaka 9 atakuwa na rundo mfukoni na mashindano na mdogo wake. Kikosi kikipungukiwa mikono, mumeo anaweza kuombwa ashike kikapu. Akiombwa akubali, raha yake ni kubwa kuliko kupanda. Ndege zisizo na rubani na mbwa waachwe nyumbani, haviruhusiwi.

Nimefika kwenye kupanda. Hapa tutatofautiana kidogo.

Kampuni ya kurusha abiria ipo uwanjani kwa ruhusa ya tamasha, na nafasi huuzwa mapema. Bei ni dola mia kadhaa kwa kichwa. Kwa watu watano hiyo ni pesa ya tiketi ya ndege ya mama kurudi Dar. Lakini pesa siyo hoja yangu. Mtu aliye ndani ya kikapu anaona maputo mia nne kwa umbali, na hilo ni zuri sana, sikatai. Aliye kwenye nyasi anayaona yanazaliwa. Na kwa watoto, mdogo wenu wa miaka 6 ataona zaidi ukuta wa kikapu kuliko milima. Kingo zake humfika mtu mzima kifuani. Kampuni nazo zina masharti ya umri au kimo, yaulizeni kabla ya kulipa.

Kuhusu mama. Kuingia kikapuni ni kuparamia ukuta kwa kukanyaga vitundu vilivyoachwa kwenye ufumaji. Ndani hakuna kiti, mtasimama kama saa nzima. Na kutua si kama ndege: puto halina breki. Siku ya upepo mwanana mnagusa chini kama mnaweka yai. Siku nyingine kikapu kinaburuzwa, kinaweza hata kulala ubavu, na abiria huambiwa mapema wapinde magoti na washike vishikio. Magoti yanayomsumbua nyumbani ndiyo yatakayopokea kishindo hicho. Kwa jinsi ulivyoandika, mimi ningemwacha chini, kwenye kiti cha kukunja, akiwa na blanketi na kikombe cha chokoleti ya moto, huku wewe au mumeo mpande na mkubwa ikiwa lazima mtu apande. Kama daktari wake hana neno na mwenyewe ana hamu, basi aamue mwenyewe, ni mtu mzima; lakini mwelezeni kutua kukoje, siyo kupaa tu.

Usalama kwa ujumla: adui mkubwa wa puto ni nyaya za umeme. Juni 2021, mjini Albuquerque, nje ya tamasha, puto liligonga nyaya na watu 5 waliokuwamo walifariki wote. Nakwambia kwa sababu umeuliza, na kwa sababu atakayekwambia hakuna hatari anakuuzia kitu. Kuruka na rubani mwenye leseni ya biashara, asubuhi tulivu, ni jambo linalofanyika maelfu ya mara bila tatizo. Ukiwa abiria, una haki ya kumuuliza rubani upepo wa leo ukoje na anatarajia kutua wapi. Akikujibu kwa utulivu na kwa undani, panda. Akikuchekea, shuka.

Nikiri pia kwamba ndani ya moyo wangu naona ajabu kidogo kumtoa mtu Tanga aje kupanda puto Amerika, wakati maputo yanapaa Serengeti kila alfajiri, na Maasai Mara tangu mwaka 1976. Kule unaruka juu ya nyumbu, na mara nyingi mnaingia kikapuni kikiwa bado kimelala, mmelalia migongo, jambo ambalo kwa magoti mabovu ni nafuu. Kule lakini hutaona maputo mia tano. Kwa kutazama, Albuquerque. Kwa kupanda, mama akirudi nyumbani, mpelekeni Serengeti.

Mavazi: alfajiri ile ni baridi ya Njombe mwezi wa Julai, na saa tano jua linachoma. Vaeni tabaka juu ya tabaka mnalovua moja moja. Mama avae soksi nzito na viatu vilivyofunikwa, nyasi huwa zina umande na chini pana tope la hapa na pale. Kofia, glavu za watoto, tochi ndogo. Maji ya kunywa kwa wingi, kwa sababu mji uko juu na hewa yake ni kavu. Kichwa kikianza kuuma, kwa kawaida ni kiu. Mtu mwenye presha aulize daktari wake juu ya mwinuko huo kabla ya safari.

Chakula kipo cha kutosha. Kinacholiwa na kila mtu ni mkate wa chapati uliokunjwa na mayai, viazi na pilipili ya New Mexico. Watakuuliza nyekundu au kijani. Anzeni na kijani, na kwa mama kidogo tu. Mingi huwekwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo semeni mapema mnataka ya mayai na viazi peke yake.

Jioni ya Ijumaa fikeni kabla jua halijazama, mtafute sehemu karibu na safu za maputo. Hayaruki, na sababu ni kwamba kutua gizani katikati ya mji ni hatari, ila yanawashwa kwa pamoja kwa kuhesabiwa, na umati wote unahesabu. Upepo ukiwa mkali hata hiyo huahirishwa, kwa kuwa puto lililosimama linapeperushwa kuliko linaloruka.

Na ikitokea zote tatu zimepigwa bendera nyekundu? Hutokea. Someni masharti ya tiketi kabla ya kununua mjue mnadai nini. Kando ya uwanja kuna jumba la makumbusho ya maputo, lililofunguliwa mwaka 2005 na kupewa majina ya Maxie Anderson na Ben Abruzzo, wakazi wa Albuquerque ambao mwaka 1978, pamoja na Larry Newman, walikuwa wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki kwa puto, kutoka Marekani mpaka Ufaransa. Watoto wanalipenda, na mama atapata pa kukaa. Mchana mnaweza kupanda vigari vya kamba hadi kilele cha Sandia, ambako mnaona bonde zima la Rio Grande kwa chini. Magoti hayana kazi huko, mnabebwa.

Nunueni tiketi za basi na za uwanja leo kama hamjanunua, kisha chumba. Hilo la kupanda liamueni mwisho.